Orodha za mielekeo ya mazoezi duniani zina maana gani kwa mwenye jimu wa Tanga

Tangu mwaka 2006 taasisi ya tiba ya michezo ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi cha ACSM, imekuwa ikichapisha kila mwaka orodha ya mielekeo inayotazamiwa kutawala kumbi za mazoezi katika mwaka unaofuata. Vifaa vya kuvaliwa mwilini, yaani saa janja na bangili za kuhesabu hatua, vimeshika nafasi ya kwanza karibu kila mwaka tangu orodha ya 2016. Vimepitwa mara chache tu: mwaka 2018 na mazoezi makali ya vipindi vifupi, na mwaka 2021, dunia ikiwa bado katikati ya UVIKO-19, na mazoezi yanayofundishwa kwa njia ya intaneti. Katika orodha ya 2025 saa hizo zilifuatwa na programu za mazoezi za simu, kisha mazoezi ya watu wenye umri mkubwa. Habari hizi hufika Tanga haraka, mara nyingi zikiwa zimekwisha kuchujwa na wauzaji wa vifaa, na mwenye jimu wa Ngamiani au Chumbageni huzipokea kama tangazo la kitu anachopaswa kununua kabla jirani yake hajakinunua.

Kabla ya kuifuata orodha hiyo inafaa kujua imetengenezwaje. ACSM haipimi mauzo, wala haihesabu watu waliopungua uzito au walioepuka maradhi. Inawauliza maelfu ya watu wanaofanya kazi katika sekta ya mazoezi wanaona nini kitashika kasi. Ni kura ya maoni ya watu wa ndani ya kazi, na ina thamani yake kwa kadiri hiyo. Ugumu ni kwamba katika orodha moja huwekwa pamoja mambo ya aina tatu yasiyofanana. Kuna bidhaa ambazo kampuni fulani inataka kuziuza. Kuna maarifa mapya, au ya zamani yaliyochelewa kusikika, kuhusu namna mwili unavyofanya kazi. Na kuna mabadiliko ya watu wenyewe wanaoingia mlangoni: umri wao, afya zao, jinsia yao na kinachowaleta. Kwa jimu ya Tanga, kundi hili la tatu ndilo lenye fedha, ingawa ndilo lisilo na muuzaji wa kulipigia debe.

Biashara mbili zenye jina moja

Sababu kubwa ya kutochukua ushauri wa Ulaya na Marekani kama ulivyo ni kwamba jimu ya kule na jimu ya hapa, kwa hesabu za fedha, ni biashara mbili tofauti. Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wanachama zaidi ya 7,000 wa kumbi tatu za mazoezi nchini Marekani. Waliolipa ada ya mwezi iliyozidi dola 70 walihudhuria kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi, kwa hiyo kila siku waliyofika iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua kadi ya mahudhurio kumi na kulipa dola 10 kwa kila siku. Uchunguzi huo hutajwa sana kama ushahidi wa jinsi binadamu anavyoukadiria vibaya ukakamavu wake mwenyewe, lakini kwa mwenye jimu una jambo jingine la kumwonyesha. Ukumbi wa namna ile huishi kwa wasiokuja. Mkataba umetiwa saini, benki inakata kila mwezi, na mwanachama aliyebaki nyumbani hachakazi mashine wala hatumii maji. Katika biashara ya aina hiyo ni jambo la busara kutumia fedha nyingi katika kitu kinachong'aa siku ya kujiandikisha, kwa sababu siku ya kujiandikisha ndiyo siku ya mauzo.

Tanga mambo yamegeuka. Wateja wengi hulipa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi bila mkataba wowote, kwa fedha taslimu au kwa lipa namba ya simu, na asiyekuja hakatwi kitu. Jimu ya hapa huishi kwa wanaokuja. Tuchukue mfano wa kubuni wa jimu inayotoza shilingi 3,000 kwa siku. Mteja anayefika mara tatu kwa wiki ataleta shilingi 36,000 katika wiki nne. Akikata tamaa baada ya wiki mbili atakuwa ameleta 18,000. Wateja ishirini wa namna hiyo wakishawishika kubaki wiki mbili zaidi, mapato yanaongezeka kwa shilingi 360,000, na hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Kwa hiyo kila mwelekeo unaotajwa unapaswa kupimwa kwa swali moja lisilo na mbwembwe: je, utamfanya mtu aliyekuja Jumatatu arudi Alhamisi?

Mashine kubwa za umeme mara nyingi hushindwa mtihani huo. Mashine ya kukimbilia hupendeza siku ya ufunguzi, kisha huanza kula umeme wa LUKU, na hewa ya bahari yenye chumvi, ambayo huko Raskazone na Sahare haina simile, huingia kwenye mota, kwenye skrubu na kwenye sakiti zake. Chuma cha kawaida nacho hushika kutu, lakini kutu ya chuma cha kunyanyulia huondolewa kwa brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta, ilhali ubao wa sakiti ulioungua husubiri kipuri kutoka Dar es Salaam au mbali zaidi. Na katika mji tambarare ambao watu wake wengi huenda kazini, sokoni na msikitini kwa baiskeli, sioni haja ya kuharakisha kununua baiskeli isiyokwenda popote.

Saa ya mkononi inajua nini

Hata hivyo saa janja zimekwisha kufika, za bei kubwa na za bei poa, na mteja anayeivaa huja na maswali. Ni vizuri mkufunzi ajue kilichomo ndani yake. Upande wa chini wa saa kuna taa ndogo, kwa kawaida za kijani, zinazomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga damu huongezeka kwa muda mfupi sana katika mishipa midogo ya mkono, hivyo mwanga unaorudi kwenye kihisio hupungua. Saa huhesabu kupungua huko na kutoa idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika. Mkono ukitulia hesabu huwa nzuri. Mkono ukikaza chuma, au saa ikilegea kwa sababu ya jasho, hesabu huyumba.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Vifaa sita kati ya hivyo vilipima mapigo ya moyo kwa kosa lisilofika asilimia 5, jambo la kusifiwa kwa kifaa kidogo kiasi hicho. Katika kukadiria kalori zilizotumika, kilicho bora kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27 na kilicho dhaifu zaidi kwa asilimia 93. Tofauti hii ina sababu. Mapigo ya moyo ni kitu ambacho saa inakiona moja kwa moja, ilhali kalori ni kitu inachokikisia kutokana na mapigo, uzito, umri na hatua, kwa kanuni ambayo kampuni haiitangazi. Mkufunzi anayemwahidi mteja kwamba amechoma kalori 600 leo anaahidi jambo asilolijua, na mteja akijipongeza kwa sahani ya chipsi mayai kwa sababu ya ahadi hiyo, mwezi utaisha mizani ikiwa pale pale na lawama zitarudi jimu.

Hatua 10,000 kwa siku nazo zina historia ya kibiashara kuliko ya kitabibu. Namba hiyo ilienea kutoka Japani, ambako mwaka 1965 kampuni moja iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichobeba namba hiyo katika jina lake. Mwaka 2019 timu ya mtafiti I-Min Lee, iliyowafuatilia wanawake wazee wa Marekani, ilikuta kwamba waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea takriban 2,700, na kwamba faida iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500 kisha ikatulia. Mama wa Mikanjuni anayevunjika moyo kwa sababu saa ya mwanawe inamwambia amefikisha hatua 5,000 tu anastahili kuambiwa habari hiyo.

Wazee na wagonjwa ndio wateja wapya

Sasa tufike mahali palipo na uzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kuwa takriban robo ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na takriban mmoja kati ya kumi na moja alikuwa na kisukari. Watu hawa wakienda hospitali huambiwa, pamoja na kupewa dawa, wafanye mazoezi. Wakitoka pale Bombo na kushuka mjini, wayafanyie wapi? Jimu nyingi wanazoziona zimejaa vijana wenye vifua vipana, singeli imefunguliwa hadi mwisho, na ukutani kuna picha za watu wasiofanana nao hata kidogo. Wanarudi nyumbani, na mwenye jimu hajui hata kwamba amempoteza mteja ambaye angelipa kwa miaka.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na pamoja na hayo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi yanaongezwa mazoezi ya nguvu na ya kuweka mwili sawa ili wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Sehemu ya dakika watu wameizoea, kwa kuwa kutembea kunatosha. Sehemu ya misuli ndiyo iliyosahaulika, na ndiyo ambayo jimu inaweza kuiuza na barabara haiwezi.

Wanaodhani kwamba chuma si cha mzee wanapaswa kuujua utafiti uliochapishwa mwaka 1990 na Maria Fiatarone na wenzake huko Marekani. Walichukua watu kumi dhaifu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya wazee, wenye wastani wa umri wa miaka 90, wakawafanyisha mazoezi ya nguvu ya miguu kwa uzito mkubwa kulingana na uwezo wao, kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mtu anayepata nguvu kiasi hicho huweza kuinuka kitini bila kushikwa mkono, kupanda daladala na kurukuu na kusujudu bila kuogopa namna atakavyosimama tena.

Vifaa vinavyohitajika ni vya bei ndogo: viti imara visivyoteleza, mifuko ya mchanga ya kilo mbili hadi kumi, mipira ya kuvuta, na kamba iliyofungwa ukutani ya kujishikia. Kinachogharimu ni maarifa ya mkufunzi, na hapa sipendi mzaha. Anayetumia dawa za presha za kundi la atenololi moyo wake haupandi kasi kama wa mtu mwingine, kwa hiyo namba ya saa itaonyesha kana kwamba hajajitahidi hali amechoka. Yeye apimwe kwa pumzi, yaani aweze kusema sentensi fupi lakini asiweze kuimba. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza dawa za jamii ya glibenklamidi sukari yake ya damu inaweza kushuka mno katikati ya mazoezi, na jimu isiyo na glukosi au soda ya kawaida karibu haina haki ya kumpokea. Kubana pumzi wakati wa kunyanyua, jambo ambalo vijana hulifanya bila kufikiri, hupandisha shinikizo la damu ghafla, kwa hiyo mteja afundishwe kutoa pumzi anaposukuma. Mashine ya kupimia presha iwe mezani, na kama kipimo cha juu akiwa ametulia kimezidi 200, au cha chini kimezidi 110, mazoezi ya siku hiyo yaahirishwe na mtu apelekwe kituo cha afya.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika orodha yoyote ya Marekani. Mzee mstaafu wa bandari hatarudi mahali ambapo kijana wa miaka ishirini na mbili amemfokea kwa jina lake mbele za watu, hata kama kijana huyo ana vyeti kutoka nchi tatu. Shikamoo mlangoni, mwito wa Mzee au Bi Mkubwa, muziki uliopunguzwa kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, wakati ambao jimu nyingi huwa tupu: hayo ni marekebisho ya kibiashara, na hayana gharama.

Kupunguza mwili baada ya sindano za semaglutidi

Mwelekeo uliotikisa biashara ya mazoezi katika nchi tajiri ni dawa za kupunguza uzito. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watu wanene waliochoma semaglutidi, mojawapo ya dawa hizo, mara moja kwa wiki walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao katika wiki 68, ilhali waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua kwa asilimia 2.4. Hakuna darasa la aerobiki linaloweza kutoa matokeo hayo kwa wastani, na ni uungwana kulikiri. Lakini taarifa zilizofuata zilikuwa na pande mbili ambazo mwenye jimu anapaswa kuzijua: walioacha dawa walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja, na sehemu isiyo ndogo ya uzito uliopotea haikuwa mafuta bali misuli na tishu nyingine. Ndiyo maana kumbi za kule zimeanza kuwatafuta watumiaji wa dawa hizo kwa mazoezi ya nguvu, ili kilichobaki mwilini kiwe misuli.

Tanga dawa hizi bado ni za wachache kwa sababu ya bei, lakini kanuni iliyomo inamhusu kila anayekuja kukata kitambi kwa kujinyima chakula. Anayepungua kwa njaa bila kunyanyua chochote hupoteza misuli pamoja na mafuta. Kwa hiyo darasa la kupunguza mwili lililo na kuruka peke yake, ambalo ndilo la kawaida, ni nusu ya kazi. Ama vile vidonge, chai na poda za kupunguza tumbo ambazo baadhi ya wakufunzi huuza pembeni bila kujua zimetengenezwa na nini, mwenye jimu azikataze kabisa ndani ya jengo lake. Mteja akiugua ataulizwa alikuwa anafanyia mazoezi wapi.

Makali ya dakika nne na joto la kaskazi

Mazoezi ya vipindi vifupi vikali yanafahamika zaidi kwa jina la Tabata, kutokana na mtafiti wa Japani Izumi Tabata. Katika kazi yake ya mwaka 1996 vijana wenye mazoezi waliendesha baiskeli ya maabara kwa sekunde 20 za nguvu zote na kupumzika sekunde 10, wakirudia mara saba au nane hivi, kwa wiki sita. Kasi yenyewe ilikuwa takriban asilimia 170 ya kile ambacho mwili unaweza kukihimili kwa kutumia oksijeni, na mtu alimaliza akiwa hoi. Kinachofundishwa leo kwa jina hilo, cha kuruka kwa muziki kwa dakika arobaini, ni mazoezi halali lakini si kile kilichopimwa. Na kile kilichopimwa hakikufanywa na watu wanene wenye miaka hamsini, katika chumba cha bati, mwezi wa Januari, hewa ikiwa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwili huhitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea kazi ngumu katika joto, hivyo mgeni wa Desemba aanze taratibu, na fedha za mashine mpya huenda zikafaa zaidi zikiwekwa kwenye madirisha makubwa, feni na pipa la maji ya kunywa.

Kuhusu kujizamisha katika maji ya barafu baada ya mazoezi, ambako mitandaoni kumekuwa kama ibada, nitasema machache. Utafiti wa mwaka 2015 ulioongozwa na Llion Roberts ulikuta kwamba kufanya hivyo baada ya kila zoezi la nguvu, kwa wiki kumi na mbili, kulipunguza ukuaji wa misuli. Anayetaka misuli anunue samaki na maharage, barafu aiachie juisi.

Saa za wanawake na picha za kabla na baada

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa asilimia 31 ya watu wazima duniani hawafikishi kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa, na wanawake wako nyuma: asilimia 34 kwa asilimia 29 ya wanaume. Katika mji wa pwani wenye Waislamu wengi, sehemu ya sababu iko wazi na dawa yake haihitaji utafiti. Wanawake wengi watakuja kama kuna saa zao peke yao, pazia dirishani, mkufunzi mwanamke, na simu zimewekwa kwenye kabati mlangoni. Hili la simu lina uzito kuliko mashine yoyote. Mwanamke mmoja akijiona kwenye hali ya WhatsApp ya mtu mwingine akiwa amevaa nguo za mazoezi, taarifa zitafika Makorora kabla hajavaa buibui lake, na wenzake kumi hawataonekana tena.

Hapa sheria nayo imeingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya zinapewa ulinzi mkali zaidi kuliko za kawaida. Daftari lenye uzito, presha na magonjwa ya wanachama ni taarifa za afya, hata kama ni daftari la mkono lililolazwa juu ya meza ya mapokezi ambapo kila mtu analifungua. Picha za kabla na baada, ambazo ndizo tangazo linalopendwa na kila jimu, zinahitaji ridhaa ya mwenye mwili, na ingefaa ridhaa hiyo iandikwe. Wenye jimu wengi hawajaanza kulifikiria jambo hili, na wanaohimizwa kununua programu za simu za kuhifadhi kumbukumbu za wanachama wanapaswa kuuliza kwanza kumbukumbu hizo zinakaa wapi na nani mwingine anaziona.

Mchakamchaka ulikuwapo kabla ya wataalamu

Wataalamu wa masoko wa Ulaya siku hizi huandika kana kwamba wamegundua kuwa watu hupenda kufanya mazoezi kwa makundi. Klabu za jogging za mijini kwetu, zenye fulana za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka za alfajiri, na mfuko wa kufa na kuzikana, zinajua hilo kwa muda mrefu. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wananchi, na klabu hizo zikapata nguvu zaidi. Wenye jimu wengi huziona kama washindani wanaotoa bure kile wanachokiuza wao. Naona ni kosa la hesabu. Anayekimbia kila Jumapili huumwa magoti na visigino, na kinga nzuri ya maumivu hayo ni misuli ya mapaja na makalio iliyoimarishwa kwa chuma mara mbili kwa wiki. Klabu yenye watu arobaini ikipewa bei ya kundi kwa jioni mbili ni wateja arobaini waliokwisha kuzoea kuamka na kujituma, na wanaosukumana wenyewe ili mmoja asikosekane.

Hata mashindano ya Hyrox, yaliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2017, yamejengwa juu ya wazo hilo hilo: mshiriki hukimbia kilomita moja mara nane, na baada ya kila kilomita hufanya zoezi moja la nguvu, kama kusukuma mzigo au kutembea na gunia la mchanga begani. Viwanja vya Tangamano na magunia kumi vingetosha kuanzisha la kwetu, bila ada ya kutumia jina la mtu.

Mwezi unaobadilisha ratiba

Jambo la mwisho linahusu kalenda, na mwongozo wa mielekeo ulioandikwa nchi za mbali hauwezi kulitaja. Ramadhani huwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kwa miaka kadhaa ijayo itaangukia Februari kisha Januari, yaani katikati ya joto la kaskazi, na mfungaji atakaa bila maji kwa karibu saa kumi na tatu na nusu. Jimu inayoendelea na ratiba yake ya saa kumi na moja jioni hujikuta tupu, au hujikuta na vijana wanaozirai. Mazoezi mepesi ya nguvu, ya muda usiozidi nusu saa, karibu kabisa na magharibi, huwafaa wanaotaka kufuturu mara wanapomaliza. Wengine huhitaji mlango uwe wazi kuanzia saa tatu usiku, baada ya tarawehe, hadi saa tano, muda ambao wamekwisha kunywa na kula kidogo. Kwa anayelipisha kwa mwezi, kadi ya mwezi huo iwe na bei yake na saa zake, itangazwe Shaabani mapema, na mkufunzi wa usiku apangiwe mapumziko ya mchana. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili katika mwaka mmoja wa kawaida, mwanzoni mwa Januari na tena katika siku za mwisho za Desemba, hivyo mwenye jimu atakayetia saini mkataba wa pango wa mwaka huo ahesabu miezi ya mapato yake upya kabla ya kukubali kiasi cha kodi.